Mafundi Wanajibu: Kuna Nini Nyuma ya Dashibodi?

Ujumbe mwingi wa mwezi huu unahusu kitu kilekile: gari la miaka mingi, injini haina tatizo, lakini nyuma ya dashibodi kuna kitu kinalia na mwenye gari hajui apuuze au aanze kutafuta hela. Tumechukua maswali saba.

Kwanza neno moja linaloyagusa yote. Dashibodi ni kama ngoma: plastiki iliyotandazwa juu ya uwazi, na ndani yake mna mabomba ya hewa yanayobeba sauti kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sikio likikuonyesha kulia, chanzo kinaweza kuwa kushoto, au nje kabisa, chini ya boneti. Ndiyo maana sisi hatuanzi kuuliza mlio unatoka wapi. Tunauliza unabadilishwa na nini: feni, mwendo, usukani, breki, matuta au jua. Ukilipata jibu hilo, nusu ya kazi umeimaliza kabla hujashika bisibisi.

La pili ni onyo. Gari lenye eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali, usilifungue dashibodi wala usukani huku betri imeunganishwa. Fungua waya wa hasi kwa spana namba 10, kisha subiri angalau sekunde 90. Soketi na waya za rangi ya njano utakazoziona huko ndani ni za eabegi. Haziguswi kwa tasta wala kwa mita.

*Nina Toyota IST ya 2004. Nikiwasha feni namba moja inalia trrr-trrr upande wa abiria. Nikipandisha hadi namba tatu inakuwa kama pikipiki inayosikika kwa mbali, na nikikata kona wakati mwingine inanyamaza yenyewe. Fundi anataka kushusha AC yote. Ni lazima? — Msomaji, Tabata Segerea*

Si lazima, na usikubali kabla ya kufungua droo ya dashibodi. Mlio unaofuata namba ya feni ni wa feni yenyewe. Kuhakikisha, zima injini, rudisha funguo kwenye ON, zima kitufe cha AC, kisha pandisha feni namba moja moja. Kama trrr inapanda nayo, huna haja ya kugusa gesi wala kompresa. Kama feni iko kimya na mlio unakuja tu injini ikinguruma na kitufe cha AC kimebonyezwa, basi tatizo liko mbele, kwenye kompresa au mkanda wake.

Hiyo kona unayoisema ndiyo inayotupa jibu. Kitu kinachonyamaza gari likiegemea upande mmoja ni kitu kilicholegea. Kwenye IST iliyolala nje miaka yote hii, mara nyingi ni jani. Hewa ya AC huingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, pale kwenye trei ya waipa. Ukiegesha chini ya mwarobaini na kitufe kiko kwenye hewa ya nje, mlango wa hewa unabaki wazi na vijani vile vyembamba vinateleza hadi ndani. Filta ya AC ndiyo inayopaswa kuvizuia, lakini magari mengi mjini hayana filta hiyo. Iliziba, mtu akaitoa ili "hewa ivume", na nyingine haikuwekwa.

Kazi yenyewe ni ya saa moja. Toa vitu vyote kwenye droo ya mbele ya abiria, chomoa kamba yake ya pembeni, bana kuta zake mbili kwa ndani hadi vizuizi vipite, droo itashuka. Nyuma yake utaona kifuniko chembamba cha plastiki, hapo ndipo filta inapokaa. Ikiwepo, vuta taratibu ikiwa imelala vilevile, maana juu yake pana mzigo wa vumbi na majani, na ukiiinua upande mmoja vyote vinaangukia kwenye feni. Sasa lala chini uangalie juu, upande wa miguu ya abiria: kuna duara la plastiki lenye soketi ya waya. Hiyo ndiyo mota ya feni. Chomoa soketi kwa kubonyeza ulimi wake, usivute waya. Mota imeshikwa na skrubu tatu. Mbili unaziona, ya tatu imejificha nyuma karibu na zulia na inataka bisibisi fupi. Shikilia mota kwa mkono mwingine unapotoa ya mwisho, isikudondokee usoni.

Ikishuka, izungushe kwa kidole karibu na sikio. Jani likiwa kati ya vibawa utaliona: limekunjwa kama ugoro kwenye karatasi, ncha yake inapiga ukuta kila mzunguko. Litoe kwa kibanio. Vumbi lililoganda kwenye vibawa lisugue kwa mswaki mkavu, na usiitumbukize mota kwenye maji. Ukiona vipande vidogo vya chuma vimebanwa kwenye kibawa kimoja au viwili, viache! Hivyo vimewekwa kiwandani ili duara lizunguke bila kuyumba, kama risasi zinazobandikwa kwenye rimu wakati wa balansi. Mtu akiving'oa akidhani ni uchafu, trrr inageuka kuwa mtikisiko wa dashibodi nzima.

Kama hakuna jani, shika duara ulitikise kulia na kushoto. Likicheza, bushi za mota zimelika. Kama halichezi lakini lilikuwa linalia kwiii asubuhi na kunyamaza baada ya dakika chache, bushi zimekauka. Matone mawili ya mafuta ya cherehani pale shafti inapoingia kwenye mota yatakupa wiki au miezi, lakini mota hiyo imeshaaga. Usiipuuze kwa sababu kelele umeizoea. Mota nzito inavuta umeme mwingi kuliko kawaida, na moto unaishia kwenye resista, kile kifaa kinachopunguza kasi ya feni, na soketi yake. Ukiona feni inafanya kazi namba ya mwisho tu na nyingine zimekufa, resista imeshaungua, na soketi ikiwa imeyeyuka nayo ibadilishwe. Kuchomeka resista mpya kwenye soketi iliyoungua ni kuandaa kuungua kwa pili.

Ukienda Gerezani au Shauri Moyo kutafuta mota ya mtumba, nenda na ya kwako mkononi. Linganisha soketi, nafasi za matundu ya skrubu, kipenyo na kimo cha duara. Halafu mwambie muuzaji aiwashe kwenye betri, uangalie inazunguka upande gani. Mbili zinaweza kufanana kama mapacha, moja ikapuliza na nyingine ikavuma tu bila hewa ya maana. Ukirudisha, weka filta mpya na ufuate mshale wa hewa ulioandikwa ubavuni. Kwa vumbi letu, ikague kila unapobadilisha oili.

*Corolla 110 ya 1997. Kwenye matuta na barabara ya vumbi, katikati ya dashibodi panagonga ko-ko-ko. Lami tambarare, kimya. Fundi alishusha dashibodi yote akairudisha, sasa ko-ko-ko iko palepale na imeongezeka kriii ya plastiki kila ifikapo saa saba mchana. — Msomaji, Goba*

Pole. Hizo ni kelele mbili na hazina undugu.

Tuanze na ko-ko-ko. Inaitika matuta, kwa hiyo ni kitu kinachoning'inia au kisichokazwa. Ondoa kwanza vya nje, kwa sababu havikugharimu kitu. Fungua boneti, shika betri uitikise. Betri isiyo na kibanio hugonga, na dereva huisikia kana kwamba iko miguuni pake. Bonyeza trei ya plastiki ya chini ya waipa, klipu zake huvunjika. Kisha weka kiganja juu ya kichwa cha shokapu, mwenzako aisukume gari juu na chini kwa kona hiyo. Mgongano ukiusikia mkononi, maunti ya shokapu imekufa na dashibodi haina kosa. Fanya pande zote mbili.

Nje kukiwa safi, ingia ndani. Toa kila kitu kwenye droo na vishimo: sarafu, kalamu, miwani, chupa ya pafyumu. Mpe mwenzako usukani, wewe kaa kiti cha abiria, mwende mwendo wa watembea kwa miguu kwenye hiyo hiyo barabara mbaya. Bonyeza kwa nguvu sehemu moja moja: juu ya dashibodi, matundu ya hewa, saa, fremu ya redio. Kinachonyamaza ukikibonyeza kiwekee alama kwa tepu ya karatasi. Kama unabonyeza kote na ko-ko-ko inaendelea kama hakijatokea kitu, basi kiko ndani, nyuma ya redio.

Na hapo, kwa gari la kutoka Japani, tuna mshukiwa wetu wa siku zote: ekspanda. Redio za magari ya Japani ya miaka ile zinashika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu zinafika 108. Gari likishafika hapa, mtu anachomeka kiboksi kidogo kati ya waya wa antena na redio ili zile stesheni za juu zisikike. Kiboksi hicho hakina mahali pake. Hakuna bracketi wala tundu la skrubu lililotengenezwa kwa ajili yake, kinaachwa kinaning'inia kwa waya wa antena kama embe. Kila tuta kinapiga chuma kinachoshika redio. Jirani zake ni kiboksi cha alamu, rilei ya kuzima injini na kifaa cha kufuatilia gari, vyote vimewekwa na watu tofauti, kila mmoja amesukumia chake ndani na kufunga.

Fremu ya redio hutoka kwa kuvutwa, tumia kipande cha plastiki au kijiko kilichofungwa kitambaa ili usichubue. Redio yenyewe imeshikwa na boliti nne za namba 10. Ivute taratibu, utie mkono nyuma. Ukishakipata kiboksi, kivishe sponji ya unene wa milimita 5 hadi 10, kikaze kwa kamba za plastiki kwenye fungu nene la waya au kwenye bracketi isiyosogea. Usikifunge kwenye kebo za kurekebisha hewa wala karibu na shafti ya usukani. Usiivishe sponji redio, inahitaji kupoa. Ukiwa hapo vuta kila kiungo kidogo kidogo. Waya zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi huachia gundi kwa joto la Dar, tepu inateleza, shaba inabaki wazi. Unga upya kwa solda, ile risasi ya kulehemea waya, uvishe mpira unaonywea kwa moto.

Sasa kriii. Plastiki ikipigwa jua hutanuka, na vipande viwili vilivyobanwa vibaya vinasuguana. Dashibodi iliyoshushwa ikarudi na kriii mara nyingi imerudi na skrubu pungufu au klipu zilizovunjika. Mwambie fundi wako, bila ugomvi, mhesabu pamoja matundu na skrubu. Skrubu ndefu iliyowekwa mahali pa fupi ni hatari zaidi ya iliyokosekana, inaweza kutoboa waya. Kuupata mwanya unaosuguana, subiri saa saba hiyo hiyo, chukua kadi nyembamba ya plastiki, ichomeke kwenye maungio mamoja mamoja huku mwenzako akibonyezabonyeza dashibodi. Kriii ikikatika, hapo ndipo. Fungua ungio hilo, bandika utepe wa felti kwenye ukingo wa ndani, ufunge. Watu hupaka grisi au oili ya injini. Inanyamaza siku tatu, kisha inashika vumbi na kriii inarudi na nguvu mpya. Kama lazima kupaka kitu, paka silikoni, kidogo, kwa kitambaa.

*Wanangu, nina pickup ya 1989. Nikifika spidi 50 inalia kwiii mbele ya usukani na mshale unarukaruka kati ya 40 na 60. Asubuhi inazidi. Kijana wa gereji anasema nibadilishe saa zote za dashibodi. — Mzee, Magomeni*

Shikamoo mzee wetu. Usinunue saa bado. Gari la umri huo linapeleka mwendo kwenye mshale kwa kebo inayozunguka ndani ya ala yake, kutoka gia boksi hadi nyuma ya saa. Kebo ikikauka hainyooshi mzunguko. Inajinyonga kidogo, inaachia kwa kishindo, inajinyonga tena. Huo ndio mruko unaouona kwenye mshale, na kwiii ni msuguano wake.

Kabla ya yote, mwambie kijana achomoe kebo nyuma ya saa, kisha mwende mwendo mfupi mahali pasipo na magari. Kwiii ikibaki, mkosaji ni kebo. Ikiisha, mkosaji ni kichwa cha saa na kijana atakuwa na haki yake. Sisi tunatabiri kebo.

Kuitibu, ala inabaki mahali pake na kebo ya ndani inavutwa kutoka juu. Ikiwa haitoki, ifunguliwe chini kwenye gia boksi. Ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hadi ing'ae, kisha ipitishwe polepole kati ya vidole kwa kitambaa. Panapochoma pana uzi uliokatika, na kebo hiyo haipakwi grisi, inabadilishwa. Ikiwa nzima, ipakwe grisi nyepesi theluthi mbili za chini tu. Sehemu ya juu iachwe karibu kavu, kwa sababu kebo inapozunguka hupandisha grisi yenyewe, na grisi ikiingia ndani ya saa mshale utaganda. Wakati wa kurudisha, izungushwe kwa vidole hadi ncha yake ya pembe nne iingie. Ala isipinde kwa kona kali, hasa pale inapopenya kwenye bamba la injini. Mpira wake pale uwepo, la sivyo chuma kitaikata.

Akikuta kebo imelowa oili kutoka chini hadi juu, sili ya kwenye gia boksi imechoka. Ibadilishwe kwanza, bila hivyo oili itapanda hadi kwenye saa na kudondokea viatu vyako.

*Nina Noah. Nikifunga breki au nikikata kona nasikia maji chubwi-chubwi nyuma ya dashibodi, kushoto. Zulia la abiria lina unyevu na harufu ya uvundo. Rejeta haipungui. — Dada, Kigamboni*

Dada, kama rejeta haipungui, maji hayo ni ya AC. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Ikipita kwenye evapareta, sehemu ya AC inayopoza hewa, inatoa maji kama yale yanayolowanisha glasi ya maji ya barafu, na maji hayo yana mrija wa kutokea chini ya gari. Mrija ukiziba kwa vumbi na utelezi, maji yanajaa kwenye boksi la AC, yanachezacheza kwenye kona, kisha yanafurika kwenye zulia.

Jaribio ni rahisi. Egesha pakavu, washa AC kwa robo saa. Chini ya gari, nyuma kidogo ya injini, lazima padondoke maji. Pakiwa pakavu, umeziba. Tafuta mrija mfupi wa mpira unaotokeza kwenye bamba kati ya injini na kabini. Weka beseni, ingiza mrija mwembamba laini, kama ule wa matangi ya samaki, uuzungushe ukiingia. Maji yatakuja ghafla, meusi, kaa pembeni. Usitumie waya wa chuma wala spoku ya baiskeli: mbele ya mrija huo ipo evapareta, na tundu dogo la sindano litakumalizia gesi yote. Kompresa ya upepo itumike kwa pumzi ndogo tu, presha kubwa inachomoa maungio ya ndani. Baadaye inua zulia, toa sponji ya chini yake uianike juani siku nzima. Juu panaweza kukauka huku sponji bado imejaa, na chini yake bodi inaota kutu.

Kwa wengine wanaosikia sauti ya maji lakini wakikanyaga mafuta tu mara baada ya kuwasha: hiyo ni hewa kwenye rejeta ndogo ya hita. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta uangalie kimo. Kimepungua, jaza kulanti, tafuta panapovuja. Ukijaza leo na wiki ijayo sauti imerudi bila kuona tone chini, na kuna mapovu kwenye rejeta injini ikinguruma, mpeleke fundi akapime gasketi ya silinda hedi. Harufu tamu ndani ya gari na utando unaonata kwenye kioo maana yake hita yenyewe inavuja. Mafundi wengi hapa huikata kwa kuunganisha mipira yake miwili moja kwa moja. Kwa Dar haikupunguzii kitu. Ukihamia penye baridi kama Makambako utaikumbuka.

*Premio ya 2003 yenye AC ya dijitali. Kila nikiwasha funguo, tak-tak-tak kwa sekunde kama kumi, halafu kimya safari nzima. — Msomaji, Mbezi Luis*

Ni mota ndogo ya milango ya hewa. AC ya dijitali haina kebo za kuvuta. Ina vimota vinavyogeuza milango ndani ya boksi: mmoja wa baridi na joto, mmoja wa kuelekeza hewa usoni au miguuni, mmoja wa hewa ya nje na ya ndani. Jino la plastiki likivunjika, kimota kinasukuma, kinateleza, kinasukuma tena, hadi kompyuta ichoke.

Kukijua ni kipi, bonyeza kimoja kimoja: badilisha joto kutoka chini kabisa hadi juu, kisha mwelekeo wa hewa, kisha hewa ya nje na ndani. Kinachojibu tak-tak ndicho. Kiguse kwa kidole, utausikia mruko wake. Kinashikwa na skrubu mbili au tatu. Kabla ya kununua kingine, sogeza mlango wake kwa mkono. Ukiwa mzito, kalamu au kipande cha plastiki kimekwama ndani, na kimota kipya nacho kitavunjika meno. Kama hela haipo, mlango wa joto uweke kwenye baridi kwa mkono, chomoa soketi ya kimota, utembee. Wa kuelekeza hewa usiuache umekwama miguuni: mvua za masika zikija utahitaji hewa kwenye kioo.

*Nikizima gari, nyuma ya dashibodi panatoa ssss kwa nusu dakika. Gesi inavuja? — Msomaji, Sinza*

Hapana, kama AC ilikuwa imewashwa. Presha ya upande mkali na upande mdogo inasawazishana kupitia ekspenshen valvu. Ssss ya muda wote AC ikiwa inafanya kazi, pamoja na baridi hafifu, ndiyo dalili ya gesi kupungua. Hapo itafutwe inapovuja kwanza, kujaza tu ni kununua wiki chache.

*Nikikanyaga breki nasikia hewa sssss miguuni, na pedali imekuwa ngumu kidogo. Wenzangu wanasema ni kawaida ya gari la zamani. — Msomaji, Ukonga*

Si kawaida, na kati ya maswali yote ya leo hili ndilo la kushughulikiwa leo leo. Pumzi fupi wakati mguu unashuka haina neno. Sssss inayoendelea mguu ukiwa umetulia kwenye pedali ni busta ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu kusukuma breki, inayopitisha hewa, na siku ikiisha kabisa utahitaji miguu miwili kusimamisha gari.

Pima hivi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano hadi pedali iwe ngumu. Ishikilie ikiwa imekanyagwa, washa injini. Busta nzima inafanya pedali ishuke kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, chunguza kwanza mpira wa vakyumu unaotoka kwenye injini kwenda busta: nyufa, kibanio kilicholegea, na valvu ya njia moja iliyo katikati au kwenye mdomo wa busta. Ichomoe uipulize kwa mdomo. Lazima ipitishe upande mmoja tu, na irudishwe kama ilivyokuwa. Ukiona pia sailensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, inabadilika kila unapokanyaga breki, hewa inaingia kwenye injini kupitia busta, basi mpira wa ndani umechanika.

Mpira na valvu ni spea ndogo, anza nazo. Ikibidi busta, ilingane na ya kwako kwa kipenyo na kwa urefu wa kile kijiti kinachosukuma masta silinda. Kijiti kikiwa kirefu hata kwa milimita chache breki zitabaki zimeshika na rimu zitapata moto. Kikiwa kifupi, pedali itazama kabla ya kushika. Fundi akipime na kukirekebisha kabla ya kufunga masta, na ukitoka gereji endesha kilomita mbili tatu, simama, upitishe kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa.